Jibu: Kuzuia maambukizi katika mabweni ya makuruta

Ndugu, umeuliza kwa nini homa na kikohozi huenea upesi katika mabweni ya makuruta, na kama kuna kinga iliyothibitika. Ipo, na mfano ulio wazi ni wa Marekani. Huko kirusi kilichowasumbua makuruta kwa miaka mingi ni adenovirusi, hasa aina ya 4 na ya 7. Kuanzia 1971 walipewa vidonge vya chanjo, lakini mtengenezaji pekee alipoacha kuvizalisha mwaka 1996, na akiba ikaisha 1999, homa zilirudi mabwenini kwa nguvu, hadi chanjo iliporejeshwa mwishoni mwa 2011 na wagonjwa wakapungua sana. Inauma, kwa sababu vijana wengi waliugua ugonjwa ambao kinga yake ilikwisha kujulikana.

Hata hivyo, chanjo pekee haitoshi. Vitanda viachiane nafasi na makuruta walale mzungu wa nne, yaani kichwa cha mmoja kielekee miguuni pa mwenzake, ili anayekohoa usiku asimkoholee jirani yake usoni. Sabuni isikosekane, na ratiba yenyewe itenge muda wa kunawa, maana kuruta aliyepewa dakika chache za kula hawezi kuacha foleni ya chakula akatafute bomba. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo itolewe siku za mwanzo kabisa. Tena, na hili nalisisitiza, mgonjwa aweze kujitokeza mapema bila kuogopa kuitwa mvivu au kurudishwa nyuma katika mafunzo, kwa kuwa anayeficha homa huendelea kuwaambukiza wenzake wa bwenini.