Mpeasi umejaa majani, mbona ndani hauzai?

SWALI: Nina mipeasi 30 ya miaka 7 hapa Mufindi. Majani yamejaa, lakini matunda yako juu na pembeni tu. Katikati ni vijiti vitupu. Jirani anasema ukungu wetu unayanyima majani jua. Ni kweli? Na mbona Oktoba majani hulegea mchana hata nikiwa nimemwagilia?

JIBU: Ukungu unasingiziwa, ndugu. Jani la mpeasi likipata theluthi hadi nusu ya jua kali la saa sita mchana, usanisinuru wake, yaani kazi ya kutengeneza sukari kwa mwanga, hukaribia kikomo. Jua la ziada haliongezi sukari. Tena mwanga wa ukungu mwepesi hutoka pande zote za anga, kwa hiyo hupenya ndani ya mti kuliko miale ya upande mmoja. Mawingu mazito ya kutwa nzima ndiyo hupunguza kazi.

Mwizi wa mwanga ni majani yenyewe. Jani moja huruhusu takriban sehemu moja ya kumi tu ya mwanga ipite kwenda chini, wakati mwingine pungufu. Yakipandana matatu, la nne liko gizani. Kuanzia Oktoba hadi Februari jua la kwetu husimama karibu utosini, basi kilele kinene hufunika mti wote kama mwavuli. Jani la kivulini hutumia sukari karibu yote linayotengeneza, macho ya maua ya mwakani hayatungwi, na kitawi hufa taratibu.

Chuma jani la nje na la ndani, yapapase kwa vidole. La nje ni nene na gumu. La ndani ni pana, laini kama karatasi. Kisha saa sita tazama ardhi chini ya mti: madoa ya jua yawe yametapakaa. Ukiona kivuli kitupu, pogoa.

Fanya hivyo mwishoni mwa Julai au Agosti, kabla macho hayajachipua. Anzia kileleni: toa matawi mawili matatu manene yaliyosimama wima, uyakate yanapoanzia bila kuacha kisiki. Usizidi robo ya mti kwa mwaka. Wengi hukata kwa hasira, mti ukajibu kwa fimbo ndefu zilizonyooka, na kabla ya Machi kivuli kimerudi. Fimbo hizo zing'oe kwa mkono Desemba zingali laini. Chache zilizokaa vizuri zivute kwa kamba zilale nyuzi 60 kutoka wima. Urea nayo ipunguze, maana inalisha majani hayohayo. Magome yaliyofunuliwa ghafla yapake chokaa yasiungue.

Kuhusu Oktoba: jani hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 30 hivi. Hewa kavu na upepo wa mchana huvuta maji upesi kuliko mizizi inavyoleta, hata udongo ukiwa umelowa. Jani hufunga stomata, vile vitundu vya upande wake wa chini. Maji yanaokolewa, lakini kabonidayoksaidi, hewa ambayo jani hutengenezea sukari, nayo haiingii, na kazi hudorora. Kumwagilia saa saba hakutibu. Mwagilia alfajiri, maji yashuke sentimita 40, kisha tandaza nyasi unene wa sentimita 10, mbali na shina kwa sentimita 15. Jani lililolegea mchana likasimama jioni lisikutie hofu. Likiamka limelegea alfajiri, chimba uangalie: udongo ni mkavu, au mizizi imeoza.