Kabla hujalipa kodi ya nyumba Nairobi, panda matatu kwanza

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji kutoka Mwanza. Amepata kazi Nairobi, ofisi iko Westlands, anaanza mwezi ujao. Swali lake: "Dada, kuna dalali ananiambia Rongai nyumba nzuri bei chee, na mjini ni dakika thelathini tu. Nilipie?"

Nimeusoma ule ujumbe mara tatu. Hizo dakika thelathini nazifahamu vizuri. Nilishauziwa na mimi.

Nimejibu kwa kifupi kwamba asilipe kwanza, nikamuahidi nitaandika. Basi hii hapa, na itawafaa na wengine, maana najua mko wengi mnaosoma hapa huku mnaviziavizia kazi za Nairobi. Msijifiche, tunajuana.

Mimi nimetokea Kimara, Dar. Mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, ulipoanza mwaka 2016 nauli ikiwa shilingi 650 nilikuwepo, na kabla ya hapo nilikulia kwenye daladala. Najua kupanda kwa dirishani. Najua kugeuza, yaani unapanda gari linaloelekea kusikokuhusu mpaka mwisho wa njia, ili tu upate siti likirudi. Nilipopata kazi Nairobi miaka mitatu iliyopita, mama yangu alihofia wezi na baridi. Usafiri hakuna aliyeuwazia, mimi mwenyewe wa kwanza. Mtu aliyegombania mlango wa Kimara saa kumi na mbili asubuhi, matatu itamfanya nini?

Dalali wangu alinipeleka kuona nyumba Jumapili saa nane mchana, kwa gari lake. Tulipita Lang'ata Road kama tuko peke yetu mjini. Uwanja wa Wilson huo umepita, lango la mbuga ya wanyama hilo, Bomas hiyo, tukaingia Magadi Road, mara Rongai. Dakika ishirini na nane, niliangalia saa kwenye simu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, maji ya kisima, kibaraza cha kuanikia nguo, 13,000 za Kenya kwa mwezi. Nikalipa kodi na amana siku hiyo hiyo, nikampigia mama kumtambia.

Kwa hiyo yule dalali hakunidanganya. Ni dakika thelathini kweli, Jumapili saa nane.

Jumatatu nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kazi inaanza saa mbili. Nikafika ofisini saa tatu na dakika ishirini.

Sasa niwaeleze kilichotokea katikati, maana hapo ndipo wengi mtaumia. Pale stejini Rongai kuna vijana wanaoita abiria: "Tao mia! Tao mia! Gari ya haraka, wawili wa mwisho!" Tao ndiyo mjini. Nikachungulia ndani, kweli gari limejaa, siti mbili tu za nyuma ziko wazi. Nikaingia. Muziki unapigwa mpaka unausikia kwenye meno, taa za zambarau, luninga kubwa nyuma ya dereva, na nje bado giza giza. Nikakaa. Gari halitoki. Anaingia abiria, kijana mmoja aliyekuwa amekaa anashuka. Anaingia mwingine, anashuka mwingine. Ilinichukua siku ya pili kuelewa kwamba nusu ya wale "abiria" walikuwa wamewekwa pale kulijaza gari kwa macho tu. Nilikaa dakika ishirini na tano ndani ya gari lililojaa watu ambao hawaendi popote.

Tangu hapo nikawa naangalia mikono. Mtu asiye na begi, asiye na mwavuli, asiye na kikontena cha chakula, saa kumi na mbili asubuhi, haendi kazini huyo.

Halafu yupo konda. Hapa niungame. Sisi wa Dar tuna ugonjwa wa kujiona Kiswahili ni cha baba yetu. Wiki ya pili nikamuuliza konda mmoja, kijana mwembamba aliyevaa kofia ya marvin nyekundu mpaka kwenye nyusi, "Kaka, hili gari linakwenda mpaka Railways?"

"Inaenda, madam."

Nami, sijui shetani gani alinipitia, nikasema, "Linakwenda."

Akanitazama. Akageukia gari zima. "Skizeni mwalimu! Anasema li-na-kwenda!" Watu wakacheka mpaka dereva akapunguza muziki aulize kuna nini. Kuanzia hapo nikawa Mwalimu. Alipofika kukusanya nauli, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole kama feni, akaniinamia kwa adabu zote: "Mwalimu, gari linataka pesa." Nikampa noti ya 200. Nauli mia. "Chenji inakuja, Mwalimu."

Chenji haikuja Bomas. Haikuja Wilson. Tukapita Nyayo Stadium, kimya. Pale Railways, watu wote wameshuka, akanifungua kiganja akaanza kumimina sarafu za shilingi tano tano, moja moja, ishirini kamili. "Hesabu, Mwalimu." Mbili zikaanguka mtaroni. Nikainama kuziokota, na sketi ya ofisi, asubuhi ile, mbele za watu.

Usisahihishe Kiswahili cha mtu aliyeshika chenji yako. Mama mmoja wa makamo niliyekuwa nakaa naye mara kwa mara, muuza mitumba wa Gikomba, alinifundisha mengine: tembea na mia mia na hamsini hamsini, au lipa kwa M-Pesa, na ukitaka kushuka usiseme "naomba kushuka kituo kinachofuata." Alisema ukimaliza sentensi hiyo gari liko mtaa mwingine. Unasema "Shukisha!" basi, tena mapema, tena kwa sauti. Hapa siyo "shusha" kama kwetu. Alinifundisha na kuuliza nauli kabla ya kuweka mguu ndani, kwa sababu matatu haina bei moja. Asubuhi mia, saa tano mchana sitini, jioni mia na ishirini, na wingu likitanda tu juu ya Ngong, mia na hamsini. Nilimuuliza kwa nini mvua inapandisha nauli. Akaniuliza kwetu mvua ikinyesha bodaboda wanashusha bei? Nikanyamaza.

Kutoka Railways nilikuwa natembea kukatiza mji kwenda Odeon kupanda gari la pili, la Waiyaki Way, barabara inayopita Westlands. Sitaeleza kila hatua. Ila pale kona ya Moi Avenue na Haile Selassie kuna bustani ya kumbukumbu ya waliokufa kwenye bomu la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Nilikuwa mtoto Kinondoni asubuhi hiyo hiyo ubalozi wa Marekani wa kwetu Dar nao ulipolipuliwa, nakumbuka dirisha lilivyotetema na mama alivyotuita ndani kwa jina moja moja. Miezi ile ya kwanza Nairobi, mahali pekee katika safari nzima nilipojisikia siyo mgeni ni kando ya ule uzio. Nilikuwa napunguza mwendo kidogo, kisha naendelea. Mbele zaidi sanamu ya Tom Mboya, na wauza njugu, na saa inakimbia.

Haya, siku yenyewe. Mwezi wa tatu wa kazi, mvua za masika, nina kikao saa mbili na nusu cha kuwasilisha ripoti yangu ya kwanza. Nilitoka saa kumi na moja na nusu, nikijua leo sitachelewa. Tulipokaribia Nyayo, konda akachungulia mbele, akaongea na konda wa gari lililokuwa linarudi, ghafla: "Mwisho hapa! Karao wamejaa mbele, gari haifiki tao." Matatu zina historia ndefu na polisi, kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutumika mwaka 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano, na msako ukianza hadi leo, gari lenye kasoro hugeuza tu. Tukarudishiwa shilingi ishirini kila mmoja, tukamwagwa kwenye mvua. Kutoka pale hadi mjini siyo mbali kwa mguu. Ni mbali kwa viatu vya kisigino kwenye tope la pembeni mwa Uhuru Highway, laptopu umeifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Nimeingia kikaoni saa tatu kasoro, natiririka maji. Bosi wangu wa wakati huo akatabasamu, akawaambia wenzangu, "Mvumilieni, watu wa Dar ni pole pole." Wakacheka. Sio kicheko kibaya, labda. Ila wiki mbili baadaye ilipokuja barua, muda wangu wa majaribio ulikuwa umeongezwa miezi mitatu, sababu iliyoandikwa: mahudhurio. Ripoti yenyewe ilikuwa nzuri. Najua ilikuwa nzuri kwa sababu walianza kuitumia mwezi uliofuata, bila jina langu.

Nimeshasamehe. Sijasahau. Na wiki iliyopita nilipokabidhiwa timu ya watu sita niongoze, katika ofisi ile ile, kitu cha kwanza nilichofikiria ni zile sarafu mtaroni na yale maji yaliyokuwa yananidondoka kwenye zulia. Mnisamehe kwa kujisifu, lakini nani atanisifia?

Nilihama mwezi wa tano. Nikapata nyumba Uthiru, chumba kimoja na sebule, 18,000. Wenzangu wa Dar wakanishangaa: unalipa zaidi kwa nyumba ndogo? Nikawawekea hesabu mezani. Rongai nilikuwa natumia 320 kwa siku kwa magari manne, siku 22 za kazi ni 7,040. Uthiru gari moja kwenda, moja kurudi, sitini sitini, inakuja 2,640. Akiba 4,400. Kodi imepanda 5,000. Kwa hiyo nimeongeza shilingi 600 kwa mwezi, nikajinunulia karibu saa tatu za kila siku. Nikitoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, niko mezani kwangu kabla hata mlinzi hajabadilishana zamu. Nikitoka saa moja kasorobo, Waiyaki Way nayo inanikumbusha kwamba ni Nairobi.

Msinielewe vibaya, Rongai siidharau. Kuna watu wanaishi pale wamelea watoto wakasomesha, na wanayapenda yale magari yao yenye michoro kama watu wanavyopenda timu za mpira. Kama ofisi yako iko Karen au Lang'ata, nenda kaishi Rongai ufurahi. Mimi naongea na wewe unayefanya kazi Westlands.

Sasa ndugu zangu, nisemeje? Ushauri wangu ni ule ule mmoja, nitaurudia mpaka mchoke: usilipe nyumba ambayo hujaisafiri. Usiende kuiona Jumapili. Usipelekwe na gari la dalali. Lala kwa rafiki, lala hata gesti, amka Jumanne saa kumi na moja, nenda kwenye steji ya mtaa ule, panda gari wanalopanda watu wa pale, ushuke mlangoni mwa ofisi yako, halafu uangalie saa. Ukiweza, rudia siku ya mvua. Hiyo namba utakayoiona ndiyo umbali wa nyumba yako. Kilomita waachie wakandarasi.

Na mjishushe, jamani. Tunakuja huku na vyeti, na barua za ajira zenye nembo, tunajiita wataalamu wa kigeni, halafu tunaona aibu kumuuliza muuza mitumba nauli ni shilingi ngapi. Ukipata aibu hiyo utalipa mara mbili kila siku. Nimewaona vijana wa kwetu wanachukua teksi za programu asubuhi na jioni miezi miwili kwa sababu hawataki kuonekana kwenye steji, mwezi wa tatu wanakopa. Ulichokifuata Nairobi ni kazi au kuonekana? Jiulize ukiwa bado Mwanza, kuuliza kule ni bure.

Yule konda wa marvin nyekundu nilikutana naye tena mwaka huu, nilipokwenda Rongai kumtembelea yule mama. Alinitambua kabla sijakaa. Akaniita mathe, yaani mama, jambo ambalo sitalijadili hapa, kisha akasita akasema, "Ah, si ni Mwalimu!" Nikamkabidhi mia kamili mkononi. "Gari inaenda?" nikamuuliza.

"Linakwenda," akasema, akagonga bodi mara mbili.

Wewe wa Mwanza, ukishaingia nipigie. Njoo na sweta mbili, Julai ya huku siyo ya Ziwa Victoria. Jumanne saa kumi na moja alfajiri nitakuwa stejini Rongai nakusubiri, tukaipime hiyo nusu saa ya dalali wako. Nauli ya kwenda nalipa mimi. Uje na chenji ya kurudi.