Bi Hawa alipata nini? Kwa wanaoanza kusoma hukumu

Ukianza tu kusoma sheria Tanzania, au ukianza kazi kwenye ofisi ya mawakili, jina la Bi Hawa Mohamed utalisikia kabla hata hujaandika hati ya madai ya kwanza. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa wanaoachana, izingatie mchango wa kila mmoja katika kuipata, uwe wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi ya aina hiyo? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa hawakubaliani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikamaliza ubishi katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Mwanamke anayedai mgao leo anasimama juu ya maneno hayo.

Sasa swali ninalopenda kuwauliza vijana: Bi Hawa mwenyewe aliondoka na nini? Wengi hujibu nusu ya nyumba. Hakupata kitu, rufaa yake ilitupwa. Mahakama iliona kwamba mume alishampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, hivyo hakuwa na cha kudai zaidi.

Anayesoma muhtasari tu halioni hilo, na ndipo anaponaswa. Atakwenda mahakamani akidhani kutaja jina la kesi kunatosha, wakili wa upande wa pili asimame na kuuliza mteja alichangia nini hasa, na ushahidi uko wapi. Kesi ile ilifungua mlango, ila haikumgawia mtu fungu. Kwa hiyo soma hukumu mpaka mwisho, kisha jiulize ni hoja ipi iliyobeba uamuzi na ni maneno gani jaji aliyasema pembeni tu. Hayo ya pembeni huwa matamu kunukuu, lakini hayaifungi mahakama yoyote, yaani hakuna inayolazimika kuyafuata.

Mipaka ya kesi nayo ina watu ndani yake. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa. Mahakama za chini zikaichukua hoja hiyo hadi kwenye wizi wa mabavu na makosa ya kingono, na wafungwa wakaomba adhabu zao ziangaliwe upya. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Fikiria uko upande wa mfungwa wa wizi wa mabavu, maombi yameshaandaliwa na familia imeshaambiwa kuna matumaini.

Ngazi za mahakama nitazipitia haraka, maana darasani mtazisoma sana. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unaifunga Mahakama Kuu. Jaji wa Mahakama Kuu hamfungi jaji mwenzake, anamshawishi tu. Ndiyo maana kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory ya mwaka 1990, ambamo Jaji Mwalusanya alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ni silaha nzuri, lakini usiishike kana kwamba imetoka juu.

Jambo la mwisho wanaoanza hulisahau kuliko yote: kabla ya kunukuu, tafuta kilichotokea baadaye. TanzLII na Kenya Law, tovuti za hukumu za Tanzania na Kenya, zinapatikana bure. Andika jina la kesi, kisha fungua hukumu mpya zinazoitaja, uanze na ya karibuni kabisa. Mteja atakuja amesikia redioni kwamba fulani alishinda kesi kama yake. Usimjibu papo hapo. Mwombe muda mfupi, ukaisome.