Kabla hujasema "hii ni kwanta"

Ninyi mnaoanza fizikia hapa Mtwara, nawapa kosa langu mlitumie bure. Kwa miaka miwili nilisimama mbele ya wanafunzi na vichujio vitatu vya mwanga, vile vya kubandua kwenye kioo cha kikokotoo kibovu, vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Viwili ukivipishanisha kwa nyuzi 90, giza. Ukichomeka cha tatu katikati kwa nyuzi 45, mwanga unarudi: robo ya ule uliopita kichujio cha kwanza. Darasa linashangilia, nami natamba: "Kwanta hiyo!", yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama atomi.

Wapi! Siku moja kijana wa dawati la nyuma akauliza kama wimbi la kawaida lisingefanya hivyohivyo. Nikapiga hesabu ubaoni, jasho linanitoka, na si kwa joto la Machi. Robo ileile. Mwanafizikia Malus alishaipata kanuni hiyo mwaka 1809, fotoni, yaani chembe ya mwanga, haijatajwa na mtu.

Tangu hapo kila jaribio naliuliza kwanza: mambo ya kawaida yangefika wapi?

Chukua ndugu wawili, mmoja Mtwara, mwingine Lindi, simu zimezimwa. Kila mmoja anapewa karata kwa bahati nasibu, nyeupe au nyekundu, anajibu ndiyo au hapana. Majibu yafanane, ila wote wakipata nyekundu yatofautiane. Hata wakipanga njama usiku kucha kabla ya kuachana, hawavuki ushindi wa asilimia 75. Msiniamini, kaeni na karatasi mjaribu. Lakini wakigawana fotoni mbili zilizofungamana, yaani zenye hali moja ya pamoja hata zikiwa mbali, na kila mmoja akapima yake kwa pembe inayofaa karata yake, wanaweza kufika karibu 85. Hapo ndipo ushahidi ulipo, katika mwanya huo.

Mzizi wa hoja ni wa mwanafizikia John Bell, 1964. Freedman na Clauser waliipima mwaka 1972 kwa fotoni za atomi za kalsiamu, lakini fotoni nyingi zilipotea bila kuonekana. Ukihesabu zilizoonekana tu, mbishi atakwambia umepima gunia la korosho kwa zile ulizojichagulia. Ilibidi kungoja hadi 2015, pale Delft, Uholanzi, walipotumia elektroni zilizotengana kilomita 1.3 na kuhesabu kila jaribio, bila kuacha nafasi ya kupelekeana habari. Kwa hiyo kwenye daftari lako andika na yaliyoshindikana.

Vichujio vyangu bado vipo kwenye droo. Navitumia kufundishia mawimbi.