Maswali na majibu: lori kuukuu likikosa mafuta mlimani

Majibu haya ni ya malori ya dizeli ya zamani, yenye pampu ya nozeli (ile kubwa inayosukuma mafuta kwenye nozeli) inayoendeshwa na injini. Lori la komoni reli, yaani dizeli za kisasa ambazo bomba moja la presha kubwa hulisha nozeli zote, lisiguswe hivi: presha yake hupita bar 1,000, na mafuta yakichomoka hupenya ngozi.

Fuso langu linakwenda vizuri tambarare, ila nikipanda Newala kutoka Masasi na mifuko ya salfa linaishiwa nguvu. Moshi hauongezeki. Fundi anasema ninunue pampu. (Dereva, Masasi)

Pesa iache mfukoni kwanza. Nguvu ikipotea bila moshi mweusi, mara nyingi injini ina njaa ya mafuta. Kazi ni kujua yanazuiwa wapi.

Funga geji ya presha ya bar 0 hadi 4 baada ya filta, pale mafuta yanapoingia pampu ya nozeli. Tumia mpira mrefu na uibandike geji nje ya kioo cha mbele. Mpira wenye dizeli usiingie kabini. Kisha panda mlima uleule na mzigo uleule. Kupima gari likiunguruma gerejini hakusaidii, kwa sababu hapo injini inakunywa kidogo mno. Kwa pampu nyingi za aina hii bar 1 hadi 1.5 ni nzuri, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha injini yako. Sindano ya geji ikianguka chini ya nusu bar gari linapolegea, umeshaupata ugonjwa.

Hamishia geji kabla ya filta. Presha ikiwa nzuri hapo, badili filta, yamekwisha. Ikiwa dhaifu huku na huku, bana mpira wa marejesho, ule unaorudisha mafuta tangini, kwa sekunde chache, kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa. Sindano ikipanda, mwizi ni vali ya marejesho, ile bolti yenye springi ndani iliyo kwenye pampu ya nozeli. Springi ikichoka, mafuta yanakimbilia tangini. Mafundi wengi huiruka, na bei yake haifiki hata robo ya pampu. Sindano isipopanda, soma jibu linalofuata.

Asubuhi haliwaki mpaka tandiboi apige pampu ya mkono hadi achoke. Chini hakuna hata tone. (Mwenye lori, Lindi)

Tone hutaliona. Kutoka tangini hadi pampu ndogo ya kuvuta, ile inayoyapeleka kwenye filta na pampu ya nozeli, mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Palipo na ufa, hewa ndiyo inayoingia, na usiku mafuta yanarudi tangini.

Unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya kuvuta, washa, tazama mapovu. Yakiwepo, chomoa mpira unaotoka tangini na uvute dizeli safi kutoka kwenye dumu la lita 20 lililowekwa usawa wa tangi. Usilipandishe juu ya kabini: mafuta yatashuka yenyewe na kukuficha ugonjwa. Mapovu yakiisha, kagua mpira uliokaushwa na jua, klempu, na bomba la ndani ya tangi. Bomba likitoboka, gari husumbua zaidi tangi likiwa chini ya nusu. Ikiwa mapovu hayapo, au dumu halikubadili kitu, kagua maungio ya pampu ya kuvuta yenyewe, kisha vali zake mbili na oringi (pete ya mpira). Zile washa za kopa (pete bapa za kuziba maungio) zilizokwisha kubanwa usizirudishe hivihivi. Kama mpya hazipo, zichome mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini zilainike, kisha zisugue.

Linazima baada ya kilomita kama 40. Nikingoja robo saa linawaka. (Nachingwea)

Likizima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani, tundu lake la kupumulia limeziba kwa vumbi. Usiposikia kitu, safisha kichujio cha waya kwenye mlango wa pampu ya kuvuta. Taka hung'ang'ania hapo mafuta yanapovutwa, injini ikilala zinaachia.

Oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua. (Tandahimba)

Usiliwashe tena. Inuse oili kwenye kijiti cha kupimia. Ikinuka dizeli, kuna uwezekano mkubwa kwamba mhimili wa pampu ya kuvuta umelika na unapitisha mafuta ndani ya injini. Oili nyepesi hivyo huua beringi. Hapa fundi akisema ununue pampu ya kuvuta, mkubalie. Ifungwe hiyo mpya kwanza, ndipo mmwage oili na kubadili filta yake.