Kishikizo kibaki, ila dereva asirudi kwenye kiti

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, nozeli za vituo vya mafuta ziendelee kuwa na kishikizo, kile kinachoacha mafuta yaingie yenyewe, au dereva anayejijazia alazimike kuubana mkono wa nozeli mwanzo hadi mwisho?" Nimekaa kujibu siku hiyo hiyo, kwa sababu ni jambo ninalobishana na jamaa zangu karibu kila tunaposafiri pamoja. Jibu langu ni kwamba kishikizo kibaki. Kinachonitia hofu ni pale anapokwenda dereva baada ya kukibana.

Nianze na chombo chenyewe, maana wengi tunakishika kila wiki bila kukifahamu. Chini ya mkono wa nozeli kuna kijichuma kinachouzuia usirudi. Ukikipachika, unaachia vidole na mafuta yanaendelea kuingia. Yakifika juu, nozeli inajifunga kwa ule mlio tunaoujua sote: ta! Wapo wanaodhani kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya pampu. Sivyo. Karibu na ncha ya nozeli kuna tundu dogo lililounganishwa na mrija mwembamba unaopanda hadi kwenye kiwambo kilichofichwa ndani ya mpini wa nozeli. Mafuta yanapopita kwa kasi mahali palipobana, yanavuta hewa kupitia tundu hilo. Ni kanuni iliyobeba jina la mwanasayansi wa Italia, Giovanni Battista Venturi, aliyefariki mwaka 1822, zamani kabla ya gari la kwanza. Mafuta yakipanda hadi yakaziba tundu, hewa haipatikani tena, mvuto unaongezeka ghafla, kiwambo kinavutwa na vali inafyatuka. Hakuna waya wala betri. Kila nikiifikiria kazi hiyo namheshimu aliyeibuni, kwa sababu hapo raha na usalama vimewekwa ndani ya kitu kimoja. Na nozeli hujifunga hivyo hivyo hata kama ni vidole vyako vilivyoubana mkono.

Lakini chombo ni chombo. Nozeli isipoingizwa vizuri, au tundu likijaa uchafu, au mafuta yakipita polepole mno hadi mvuto ukawa hafifu, inaweza isijifunge. Hapo ndipo hesabu inapokuja. Nchini Marekani sheria imeweka kikomo cha kasi ya pampu za petroli za magari madogo kuwa galoni 10 kwa dakika, yaani lita 38 hivi. Hiyo ni zaidi ya nusu lita kila sekunde. Aliyesimama hapo akiona petroli inafurika ataachia au atapiga kishikizo chini kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Aliyekaa ndani ya gari akisoma ujumbe ataijua habari hiyo ikishatapakaa chini ya magurudumu.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wake wa pili, nao ndio unaonisikitisha zaidi. Kwa kasi hiyo, tangi la lita 50 lililo tupu linajaa kwa dakika moja na sekunde ishirini hivi. Watu wanahatarisha maisha yao, na ya walio jirani, kwa ajili ya kuketi kwa muda mfupi kuliko wa kusubiri taa ya barabarani igeuke kijani.

Hatari yenyewe ni ipi? Petroli inayowaka si ile tunayoiona ikiwa maji maji, bali mvuke wake. Inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna asubuhi ya baridi inayokulinda. Dizeli ni tofauti: kwa kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipashwe moto kupita nyuzi 50. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni badala ya kupaa na kupotea. Halafu kuna jambo ambalo sikuwa nimelifikiria mpaka nilipoelezwa: tangi tupu si tupu. Limejaa hewa iliyochanganyika na mvuke, na kila lita ya petroli inayoingia inaisukuma nje lita moja ya mchanganyiko huo. Magari mapya na baadhi ya pampu huunasa mvuke huo, lakini si wote. Usipounaswa, unatoka pale pale kwenye mdomo wa tangi, palipo mkono wako.

Sasa tumrudie dereva wetu. Amebana kishikizo, ameingia ndani, ameketi. Kiti kina kitambaa cha nailoni au poliesta, naye amevaa sweta. Anapoinuka, nguo inasuguana na kiti, na mwili wake unabaki na chaji ya umeme tuli, ule unaotusisimua tukigusa kitasa cha mlango siku ya hewa kavu. Viatu vyake vina soli ya mpira, kwa hiyo chaji haina njia ya kushuka ardhini. Anafika kwenye nozeli na kunyoosha mkono. Nozeli imeunganishwa na ardhi kupitia bomba la pampu. Cheche inaruka kati ya kidole na chuma, katikati ya mvuke uliokuwa ukitoka kwa dakika nzima. Mvuke wa petroli unahitaji nishati ndogo sana ili uwake, chini ya sehemu moja ya elfu ya juli, kipimo cha nishati. Cheche yoyote ambayo mtu anaweza kuihisi kwenye ncha ya kidole imeshapita kiwango hicho.

Haya si ya kubuni. Chama cha watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya mafuta cha Marekani, Petroleum Equipment Institute, kilikusanya kwa miaka kadhaa taarifa za moto wa vituoni ambao haukuwa na chanzo kingine kilichoonekana zaidi ya umeme tuli. Zilipita 150. Karibu nusu yake, dereva alikuwa amerudi ndani ya gari mafuta yakiwa bado yanaingia, kisha akatoka na kuigusa nozeli. Nyingine nyingi zilitokea mwanzoni kabisa, dereva alipoteremka na kugusa mfuniko wa tangi kabla ya kugusa chuma kingine chochote.

Na simu? Katika taarifa hizo hizo hakuna moto hata mmoja uliothibitishwa kuwa umesababishwa na simu ya mkononi. Mimi naizima kituoni, kwa sababu bango limeniomba hivyo na kwa sababu macho yangu yanatakiwa kwenye nozeli. Lakini naomba wenye vituo walifikirie hili kwa uzito. Karibu kila pampu niliyowahi kusimama mbele yake ina picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Ni chache mno nilizokuta zimeandikwa kwa herufi kubwa: USIRUDI NDANI YA GARI MAFUTA YAKIINGIA. Tumewafundisha watu kuogopa kilichomo mfukoni, na kiti, ambacho ndicho kinachowajaza chaji, hatujawatajia kabisa.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja dhaifu. Wanasema: ondoeni kishikizo, dereva atalazimika kusimama. Uingereza na Australia zimechukua njia hiyo, na kwa kawaida dereva wa huko hukuta nozeli isiyo na kishikizo. New Jersey, jimbo la Marekani, ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 1949 sheria yake inamkataza dereva kujijazia petroli, kazi hiyo ni ya mhudumu. Oregon, jimbo jingine la huko, nayo ilifanya hivyo kuanzia mwaka 1951, ikaja kuliondoa katazo hilo mwaka 2023. Sitaki kubeza nia ya wale waliotunga sheria hizo. Mhudumu aliyefundishwa ni kinga nzuri, ingawa tukumbuke kwamba yeye ndiye anayevuta mvuke huo kutwa nzima, nao una benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu.

Ila nimeona kinachotokea kishikizo kikiondolewa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa foleni, gari la tatu nyuma. Mwanamume mmoja aliufungua mfuniko wa tangi lake, akaupachika chini ya mkono wa nozeli ili usirudi, akaingia garini na kufunga mlango. Ilikuwa kama alivyozoea kila siku. Bomba lilikuwa limejikunja, likajinyoosha, nozeli ikachomoka na kuanguka. Kishikizo cha kiwandani aina nyingi hutengenezwa kiachie nozeli ikianguka. Mfuniko haukuachia. Petroli ilimwagika ikielekea kwenye gari lililokuwa nyuma yake, ambalo injini yake ilikuwa bado inanguruma na ndani mlikuwa na watoto wawili. Mhudumu alikimbia hadi kwenye swichi ya dharura na kuzima pampu zote. Hapakuwa na cheche siku ile, na hiyo tu ndiyo sababu ninaandika barua hii na si jambo jingine. Tangu hapo siamini kwamba ukimnyima mtu kishikizo atasimama. Wengine watasimama. Wengine watatafuta jiwe, kijiti au mfuniko.

Kwa hiyo ninachokitaka ni hiki: kishikizo kilichotengenezwa vizuri na kukaguliwa, na mtu aliyesimama kando yake. Ukiteremka, shika bati la mlango kwa mkono mtupu huku ukiinuka kitini, chaji ipite hapo mbali na mdomo wa tangi. Kama umelazimika kurudi ndani, labda mtoto analia au umesahau pochi, gusa tena chuma cha gari, upande ulio mbali na tangi, kabla mkono haujaikaribia nozeli. Injini izimwe, hilo sidhani kama lina mabishano. Na nozeli ikishalia mara moja, tosheka. Wale wanaoibana tena na tena ili kufikisha hesabu isiyo na senti wanayasukuma mafuta hadi kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi, na kopo hilo likilowa petroli haliwezi tena kazi yake. Dumu nalo lijazwe likiwa chini ardhini, ncha ya nozeli ikiligusa, wala lisiachwe juu ya zulia la buti au plastiki ya nyuma ya pikapu, maana hapo chaji yake haina pa kwenda.

Kuna jambo moja ningependa kila msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Moto ukiwaka kwenye mdomo wa tangi, USIICHOMOE NOZELI. Mkono utataka kuichomoa, ndivyo tulivyoumbwa, kitu kikituunguza tunakivuta au kukitupa. Lakini nozeli ikiwa mahali pake, moto kwa kawaida unabaki pale mdomoni unapounguza mvuke. Ukiivuta, unamwaga petroli inayowaka juu ya miguu yako, ubavuni mwa gari na sakafuni. Iache. Watoe waliomo garini, rudi nyuma, piga kelele, mhudumu au yeyote aliye karibu apige swichi ya dharura. Nimewafanyisha wanangu mazoezi ya maneno haya mpaka wamechoka nami.

Mtaniuliza, kama nina hofu kiasi hiki, kwa nini basi nakitetea kishikizo? Kwa sababu ya mama yangu. Ana miaka zaidi ya sabini na bado anaendesha gari mwenyewe, lakini baridi yabisi imemshika vidole. Kuubana mkono wa nozeli kwa dakika moja na nusu ni maumivu yanayomfuata mpaka usiku. Mwambie alazimike kuubana, na atamwomba mgeni amsaidie, au ataweka mafuta kidogo kidogo na kurudi kituoni mara tatu badala ya moja, au siku moja naye atautazama mfuniko wa tangi na kupata wazo.

Wiki iliyopita nilikuwa naye. Alizima injini, akashika fremu ya mlango akiinuka, akafungua mfuniko, akaingiza nozeli mpaka mwisho na kupachika kishikizo. Nilikuwa abiria, nikajitolea kuteremka nimsaidie, akakataa. Alisimama pale pale, kiganja kimoja juu ya paa la gari, macho kwenye nozeli, mpaka ikalia.