Mama yangu amezikwa ukimbizini: alikufa chini ya laana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne kutoka Fizi, Kongo. Naishi kambini huku Kigoma miaka mingi sasa. Amekuja mhubiri akasema tumefukuzwa kwetu kama Yuda walivyopelekwa Babeli, kwa dhambi za baba zetu. Kila nyumba itoe shilingi elfu thelathini laana ivunjwe, na mwaka huu tutarudi. Mama yangu alifia hapa. Je, alikufa akiwa amekasirikiwa na Mungu?

JIBU: Mama, pole. Hapana. Na aliyekutia wazo hilo hakuwa na ruhusa ya kulisema.

Uhamisho wa Yuda ulikuwa hukumu, hilo halina ubishi. Ila tunalijuaje? Kwa sababu manabii walilisema kabla halijatokea, wakataja makosa yenyewe: sanamu, damu isiyo na hatia, mfalme anayejijengea jumba na vibarua wake hawalipi. Ilikuwa kesi yenye mashtaka. Huyu mhubiri ana mashtaka gani juu ya babu yako? Ameona mzigo kichwani mwako, akaanza kuhesabu kinyumenyume: amefukuzwa, basi kuna aliyekosa. Kwa hesabu hiyo, Daudi alipowaficha wazazi wake kwa mfalme wa Moabu wasiuawe na Sauli, wazee wale walikuwa na laana. Na Mtoto aliyekimbizwa Misri usiku, tumsemeje?

Tena maneno ya mhubiri huyo ni ya zamani. Mwaka 597 K.K. Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia pamoja na mafundi, wahunzi, na Ezekieli wa ukoo wa makuhani. Waliobaki Yerusalemu wakasema juu ya wenzao: hao wamekwenda mbali na Bwana, nchi hii ni yetu. Soma Ezekieli 11 uone Mungu alivyowajibu: huko huko walikotawanywa, yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwao. Hekalu lilikuwa bado limesimama Yerusalemu, naye anasema yuko kwa wakimbizi! Yeremia naye alioneshwa vikapu viwili vya tini. Nzuri ni wale waliohamishwa. Zile mbovu, zisizolika, ni waliobaki wakijiona. Mhubiri wako achague kikapu.

Kuhusu dhambi za baba: wahamishwa wenyewe walikuwa na msemo kwamba baba wamekula zabibu kali, meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu aliupiga marufuku, sura nzima, Ezekieli 18. Wanaouza maombi ya kuvunja laana za ukoo hukimbilia Kutoka 20 na kukomea kwenye kizazi cha tatu na cha nne. Hawafiki kwenye maelfu elfu wanaorehemiwa. Pale hapana biashara. Na waliokufukuza kwenu wasijifiche nyuma ya hukumu ya Mungu. Hata Babeli, aliyetumiwa kuiadhibu Yuda, alishtakiwa kwa kuwatwisha wazee nira nzito sana (Isaya 47).

Sasa hilo la kurudi mwaka huu. Hanania, nabii wa uongo, alitabiri kwamba waliohamishwa watarudi ndani ya miaka miwili. Yeremia akasema sabini, akawaandikia wahamishwa huko Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto, uombeeni mji mnaokaa. Ndio waraka wenye lile neno la "mawazo ya amani" tunalolitundika ukutani, tukiruka mstari wa juu yake wenye hiyo sabini. Hebu fikiri, mama: miaka sabini maana yake wengi waliosomewa waraka ule walizikwa Babeli. Waliahidiwa amani wakijua hawatauona Yerusalemu tena, na hakuna nabii aliyesema walifia kwenye laana. Mama yako yumo katika kundi hilo.

Kama njia ya kurudi itafunguka na ni salama, rudini. Kwa sasa usiwatoe watoto shule kwa ajili ya tarehe ya mtu. Wafundishe majina ya mito na milima ya Fizi. Ukitaka kulia, soma Maombolezo mpaka sura ya mwisho. Kitabu kile kinaisha bila jibu, na Mungu hakukiondoa katika Biblia. Kaburi la mama lipalilie. Ile elfu thelathini, kama hujaitoa, nunua madaftari.